Yule Mmoja Aliyerudi Kushukuru

Kitengela,
Jumapili, 14 Julai 2002.

Mama mpendwa,

Mulembe mama. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeketi mahali pazuri, goti limekuachilia kidogo, na ile miwani aliyokununulia Morgan bado ina mikono yake yote miwili. Huku kwetu tuko salama. Wamalwa anakusalimu sana. Bado yuko kwenye ile stoo ya simiti kule Athi River na jioni anarudi amekuwa mweupe mpaka kope, watoto wanamkimbia. Wao wanasoma vizuri. Mvua ilituacha mapema, na upepo wa Kitengela wewe unaujua, unaingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Mimi afya yangu ni nzuri. Nakula, nalala, naenda kazini. Kifua hakinisumbui tena.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata na nimeisoma mara nyingi. Umesema wewe na mjomba Wangila mtakuja mwezi wa nane shule zikifungwa, mpite hapa kwangu mnywe chai, halafu twende pamoja Kajiado kumchukua Simaloi. Umesema mtoto wa mdogo wangu Maryanne hawezi kukulia mikononi mwa baba aliyemuua mama yake. Tena umeniomba niwe tayari kusema mbele ya wazee wa kina Kisemei yote ninayoyajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ninayoyajua siyo unayoyafikiri. Ningekupigia kwenye ile simu ya dukani hapo Chwele, lakini mtu akipigiwa simu pale kituo kizima kinanyamaza kusikiliza. Kwa hivyo nimeandika. Tafadhali isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Nimejaribu kuandika herufi kubwa.

Acha nianze na Jumamosi ya wiki iliyopita. Ushirika wetu wa mtaa ulikuwa nyumbani kwa Mugure. Mugure ulimwona kwenye matanga ya Maryanne, yule mama mnene mwenye maneno mengi, anayeuza vitunguu na nyanya za Kimana hapa sokoni. Ndiye aliyewaongoza akina mama kuimba wakati wewe hukuweza kusimama. Utaratibu wetu huku ni huu: tunasoma kipande cha Biblia, halafu swali linazunguka chumba kizima, kila mtu anaulizwa katika habari hii yeye ni nani. Huruhusiwi kusema wewe ni Yesu, na huruhusiwi kuruka zamu yako. Watu wanapenda sana mchezo huo. Wengine huja kwa ajili yake tu, na chai.

Siku hiyo tulisoma habari ya wale wakoma kumi. Wewe umeifundisha Sunday school miaka mingi, sina haja ya kukusimulia yote. Walisimama mbali wakaomba wahurumiwe, wakaambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wakiwa njiani wakajikuta wamepona. Mmoja akageuka akarudi akishukuru kwa sauti kubwa, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi.

Basi tukaanza kuwasema wale tisa, utadhani ni wapangaji waliohama bila kuaga. Mugure alisema yeye ni wa tisa na hana aibu, maana akipona ukoma, mbio zake za kwanza ni sokoni kuona ni nani amekalia nafasi yake. Watu wakacheka. Mzee Maundu, yule mstaafu wa reli, yeye akawatetea. Alisema hao watu waliagizwa waende kwa kuhani, na walienda. Kuhani wa siku hizo ndiye aliyekuwa mtu wa afya, na kama hajakukagua na kusema umepona huwezi kurudi kukaa na watu. Akasema labda walirudi kushukuru kesho yake wakiwa na uhakika, na Luka hakuambiwa. Mugure akamwambia, "Mzee, wewe unataka kutuharibia neno."

Zamu yangu ilipofika hakuna aliyesubiri nifungue mdomo. Mugure alinijibia. Alisema, "Huyu wetu tunamjua. Huyu ndiye yule mmoja alirudi." Wote wakasema amina. Hilo ndilo jina langu huku, mama, tangu nilipotoa ushuhuda kanisani miaka miwili iliyopita. Hata mchungaji akipata wageni kutoka Nairobi huniambia nisimame wanione.

Nami nilisema amina. Sikusikia uchungu wala aibu. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unajua ni wako kwa sababu unauona. Nimekuwa hivyo karibu mwaka mmoja na nusu sasa. Uliniuliza wakati wa mazishi kwa nini silii, ukadhani nimejikaza kwa ajili yako.

Sasa siku hiyo Kisemei alikuwa amekuja. Huwa anakuja kila mwanzo wa mwezi na Simaloi, na mtungi mdogo wa maziwa, ili mtoto amjue mama yake mkubwa. Hilo sikuwahi kukuandikia kwa sababu nilijua hutalipenda. Mtoto amekuwa mrefu. Ana sauti ya Maryanne kabisa, ile ya kuuliza kila kitu mara mbili. Nilidhani Kisemei angebaki nje akimwangalia akicheza, lakini Mugure alitoka akamvuta ndani, akamwambia hapa hakuna mgeni. Kwa hivyo swali likamfikia naye.

Alivuta kiti chake mbele kidogo. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake cha mwalimu wa shule, kwamba yeye hayumo kati ya wale kumi. Alisema yeye ni mtu wa nyumbani kwa mkoma, yule ambaye Biblia haikumwandika. Akaeleza. Alisema mke wake alimwona dada yake amepona kwa maombi peke yake, naye akaamini. Akachukua dawa zake za TB akazitupa chooni. Yeye Kisemei hakuamini. Alienda kliniki kuomba dawa nyingine, akambembeleza mke wake miezi mitatu, na alipokataa kabisa akaanza kusaga vidonge na kuvikoroga kwenye uji wake wa asubuhi. Maryanne akasikia uchungu ulimini. Tangu siku hiyo hakula tena kitu kilichotoka mkononi mwa mume wake.

Hicho ndicho alichokuwa akitiliwa kwenye uji, mama. Alipokuambia kwenye simu kwamba mume wake anamwekea vitu kwenye chakula, alikuambia ukweli, na wewe ukaelewa ulivyoelewa, kama ambavyo mama yeyote angeelewa. Ilikuwa dawa ya kliniki. Hakuna kitu kingine.

Kisemei aliendelea. Alisema kwenye matanga akina mama wa kanisa walimweleza kwamba uponyaji unaweza kuvunjwa na mtu mmoja mwenye shaka ndani ya nyumba. Dada mtu alikuwa na imani tupu akapona, lakini Maryanne imani yake ilichanganyiwa na shaka ya mume wake ndani ya kikombe kile kile. Alisema amelifikiria hilo mpaka amechoka na anaona ni kweli, yeye ndiye aliyemuua. Akatuomba tumwombee, hiyo shaka yake isimfuate mtoto. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayesoma orodha ya majina darasani.

Mugure alilia. Mtu mwingine akamwambia asijali, Mungu huwasamehe hata wasioamini. Mzee Maundu aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa na birika mkononi, namimina chai. Nilifika kwa Kisemei nikamuuliza ataweka sukari vijiko vingapi. Akasema viwili, dada, asante. Nikaweka viwili nikakoroga nikampa.

Mama, sasa nakuandikia kile ulichotaka niseme mbele ya wazee.

Unakumbuka mwezi wa tatu mwaka wa 2000 nilipatikana na TB. Maryanne alikuwa amekaa kwetu likizo yote ya Krismasi, tukilala chumba kimoja na watoto, na mwezi wa tano naye akapatikana nayo kule Kajiado. Nadhani aliitoa kwangu. Tuliambiwa dawa ni miezi minane bila kukosa. Mimi niliamua kuficha. Pale kiwandani ambapo nashona mifuko ya suruali, msichana wa laini yetu alikuwa ameonekana na kadi ya kliniki, akaambiwa aende nyumbani akapumzike, na kabla ya saa sita mashine yake ilikuwa na mtu mwingine. Kwenye ploti nako tunatumia choo kimoja na mfereji mmoja, na TB siku hizi watu wakiisikia wanamalizia wenyewe kwamba ni ukimwi. Kwa hivyo nilipitia kliniki asubuhi kabla ya kazi nikiwa nimejifunga leso kichwani mpaka machoni, na vidonge niliviweka kwenye mkebe wa majani chai. Wamalwa alijua, na Maryanne alijua. Kanisa lilijua tu kwamba ninaumwa kifua, na walikuja kuniombea mara nyingi. Waliniombea kwa upendo, hilo sitawanyima.

Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nimenona. Mchungaji akaniambia Jumapili hii utushuhudie. Nikasimama. Nikasema nilikuwa siwezi kubeba hata nusu mtungi wa maji, na sasa Mungu ameniponya. Dawa sikuzitaja. Sikuwa nimepanga kuficha. Ni kwamba huku kwetu mtu akishuhudia hataji dawa, ukitaja inaonekana unamgawia daktari utukufu wa Mungu. Nilipoona watu wanasimama, nami nikaongeza sauti. Wakapiga vigelegele, wakanibeba juu juu. Nilifurahi, mama. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kufurahi, na sitakuficha.

Kama ingekuwa ni hilo tu labda ningejiambia niliacha neno moja nje, basi. Lakini Maryanne alikuwapo siku hiyo. Alitoka Kajiado asubuhi ili anisikie. Baada ya ibada tulipokuwa nje tukisalimiana, alinivuta mkono wa nguo akaniuliza, "Dada, kwani dawa uliacha lini?"

Hakuniuliza kwa ujinga. Yeye alikuwa mwezi wa tano wa dawa, zinamchosha, zinampa kichefuchefu, na alitaka kujua kama amemeza bure. Alitaka ukweli kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumdanganya. Mugure alikuwa ameushika mkono wangu mwingine. Kwaya yote ilikuwa imetuzunguka, wamenikodolea macho. Nilijua nikisema sijaacha, ule ushuhuda umekufa pale pale mlangoni, na kufikia Jumatatu kiwanda kizima kingejua nilikuwa na nini. Nikamwambia niliacha zamani. Nikaongeza kwamba Yesu hagawani kazi na vidonge. Watu wakasema haleluya. Maryanne akanitazama kidogo, halafu akacheka akanikumbatia.

Jioni nilimsindikiza mpaka stendi akapanda gari. Nikarudi nyumbani, nikafungua mkebe wa majani chai, nikameza vidonge vyangu kama kila siku. Sikuruka siku hata moja. Mwezi wa kumi na moja nikapimwa makohozi nikaambiwa niko safi.

Na hata baada ya hapo nilipata nafasi nyingine. Mwezi wa kwanza Kisemei alikuja mpaka hapa kuniomba nikaongee na mke wake, kwa sababu kikohozi kimerudi na anakataa hospitali. Nilienda nikiwa nimeamua kusema. Nikamkuta amekonda, amevaa sweta mbili, na amewaita majirani wanne waje wanisikie. Akawaambia, "Huyu ndiye dada yangu niliwaambia." Nikamwambia aende tu hospitali akapimwe, kupimwa si vibaya. Akaniuliza kama hiyo siyo shaka. Nilihitaji kusema neno moja tu: "Nilimeza." Nikaangalia wale majirani. Nikasema tuombe. Wiki sita baadaye alipelekwa hospitali akiwa hawezi kutembea, na hiyo safari nyingine unaijua.

Ulipopandwa na uchungu kaburini ukasema mbele ya watu habari ya uji, ukamwonyesha Kisemei kidole, mimi nilikuwa nimekushikia mkoba wako. Nilijua kilichokuwa kwenye uji na nilijua kwa nini aliukataa. Nikaendelea kushika mkoba.

Nimekuwa nikisubiri nisikie kitu. Nilidhani nikiandika mistari hii nitalia, na nimeiandika yote, na wino hauna hata tone. Wamalwa alinisihi niache, akasema aliyekufa amekufa na ukweli hautamrudisha. Ni kweli hautamrudisha. Lakini Simaloi yuko hai na baba yake yuko hai, na nyinyi mnakuja mwezi wa nane kumnyang'anya mtoto kwa kosa langu, huku yeye mwenyewe akiamini anastahili. Nina hakika hata hatabisha. Angemfungashia mtoto nguo zake awape.

Jana nilienda Kajiado. Nilimkuta nyuma ya nyumba za walimu anafua sare za mtoto kwenye karai. Sikuingia ndani, sikunywa hata maji. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, nikiwa nimesimama. Aliendelea kukamua nguo ile ile muda wote, mpaka haikuwa na maji tena. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama nilimeza mpaka mwisho. Nikasema ndiyo, miezi yote minane. Akasema, "Sawa." Akaanika nguo. Halafu akaketi chini pale pale kwenye matope ya maji ya kufulia, suruali yake ya kazi ikaloa, akafunika uso kwa mikono yenye sabuni. Sikumgusa. Sikujua kama nina ruhusa.

Alipoinuka alimwita Simaloi akamwambia amsalimu mama yake mkubwa. Mtoto akainamisha kichwa mbele yangu nimguse, kama watoto wa huko wanavyosalimia wakubwa. Nilikaa na mkono hewani mpaka akaniuliza mara mbili, "Mama mkubwa, hutaki?" Nikamgusa. Kisemei hakunifukuza na hakuniambia nirudi tena.

Jumapili ijayo nimeomba nafasi kanisani. Mchungaji amefurahi sana, ameniweka kabla ya mahubiri. Hakuniuliza nitashuhudia nini. Baada ya hapo sijui kama nitakuwa na kanisa, na huenda sitakuwa na kazi, maana watu wa laini yetu wengi wanaabudu hapo. Wamalwa haongei nami tangu jana. Hayo niachieni mimi.

Mwambie mjomba Wangila asiende Kajiado. Mkija mwezi wa nane, msimwambie dereva awapitishe mpaka huko. Mwambieni asimamishe gari Kitengela, mshuke. Mama, kama hutataka kuingia kwangu, nitakuletea kiti nje. Kile ulichotaka kumuuliza Kisemei kwa mwaka mmoja na nusu, uniulize mimi, na mjomba awepo, na nitajibu.

Nisalimie Morgan na mke wake. Wasalimie akina mama wa Sunday school, na yeyote atakayekuuliza habari zangu mwambie ulivyoona ni sawa kumwambia. Usiache kupaka goti ile dawa, na usiiache katikati hata likipoa.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa umebaki naye mmoja,

Nakhumicha.